Madoa ya damu miguuni: ninavyochukua kipande cha ngozi na kukisoma

Vitabuni, ugonjwa wa Schamberg, mmoja wa kundi la magonjwa ambamo vimishipa vya ngozi huvuja damu, huonekana kama pilipili nyekundu ya unga iliyonyunyizwa miguuni. Picha hizo nyingi ni za ngozi nyeupe. Kwenye ngozi zetu wekundu huo mara nyingi haupo: unaona madoa ya kahawia au karibu meusi, na ile rangi ya pilipili unaikuta ukingoni tu, kwenye vitone vipya. Ndiyo maana mgonjwa hupewa dawa ya fangasi au mzio mwaka mzima.

Mimi humpeleka mgonjwa dirishani, kwenye mwanga wa jua, halafu nabonyeza slaidi safi ya kioo juu ya kitone kipya. Wekundu wa mshipa uliotanuka huondoka. Damu iliyovilia haiondoki. Kisha napapasa kwa kidole. Doa likiwa limeinuka, gumu na linauma, nafikiria vaskulaitisi, yaani uvimbe wa kuta za mishipa ya damu. Vijipele bapa visivyouma vinaweza bado kuwa vya kundi hili, aina ya Gougerot na Blum. Pete zenye vimishipa vilivyotanuka ni za Majocchi. Muwasho mkali wenye magamba ni wa Doucas na Kapetanakis. Bamba moja la rangi ya dhahabu upande mmoja ni likeni aurea. Kwa matibabu tofauti hizi hazibadilishi mengi.

Maswali ni machache, kwa mfano kwa askari: "Afande, zamu yako ni ya kusimama muda gani? Unameza dawa gani za presha au za maumivu?" Kusimama kutwa huongeza shinikizo miguuni, na baadhi ya dawa huanzisha tatizo. Damu nzima naipima, kwa sababu chembe sahani, zile za kugandisha damu, zikiwa chache, hadithi ni nyingine kabisa. Kipimo cha VVU na cha mkojo hufuata.

Kipande sikichukui kifundoni. Hapo damu hutuama hata kwa mtu asiye na ugonjwa huu, na kidonda hakiponi upesi. Napanda juu hadi kwenye shavu la mguu au pajani. Doa la leo lina seli nyekundu za damu nje ya mishipa lakini mabaki yao ya chuma bado hayajajitengeneza; la miezi mingi lina chuma huku limfosaiti, yaani seli nyeupe za kinga, zimepungua. Nachagua ukingo wenye rangi zote mbili. Ganzi naichoma pembeni ya doa, kwani sindano ikipita katikati humwaga damu ambayo msomaji wa slaidi ataihesabu kuwa ugonjwa. Kikatio cha milimita 4 kinatosha. Kipande nakiinua kwa ncha ya sindano; koleo huponda limfosaiti zikawa nyuzi za zambarau zisizosomeka.

Fomalini ya kuhifadhia kipande iwe ya asilimia 10 yenye bafa, yaani kizuia tindikali, ujazo angalau mara 10 ya kipande. Isiyo na bafa hugeuka tindikali na kuacha chembe za kahawia nyeusi palipo na damu, zinazofanana na hemosiderini, yale mabaki ya chuma ya damu. Hapa rangi ya Perls, inayogeuza chuma kuwa buluu, husaidia, maana uchafu huo haugeuki buluu. Nachanganya potasiamu ferosianidi asilimia 2 na asidi ya hidrokloriki asilimia 2, nusu kwa nusu, wakati uleule wa kutumia, dakika 20. Maji yawe yaliyokenekwa: ya kisima chenye mabomba ya kutu hupaka slaidi nzima buluu. Slaidi ya kulinganishia yenye chuma isikose.

Chini ya hadubini natafuta limfosaiti zikizunguka kapilari (vimishipa vyembamba kabisa) za sehemu ya juu ya dermisi, tabaka la ndani la ngozi, kuta zilizovimba, seli nyekundu zilizovuja na makrofaji, seli za kufagia uchafu, zilizobeba chuma. Nikikuta fibrini (nyuzi za damu iliyoganda) ukutani mwa mshipa, pamoja na nyutrofili (seli nyeupe za uvimbe) na viini vilivyovunjika, hiyo ni vaskulaitisi. Chuma kikishuka hadi dermisi ya chini, na mishipa mingi yenye kuta nene, damu imetuama. Likeni aurea ina mkanda mzito wa limfosaiti ulioachana kidogo na epidermisi, tabaka la juu la ngozi.

Uganda, hata hivyo, siandiki jina lolote kati ya hayo kabla ya kuiondoa Kaposi, saratani ya mishipa ya damu. Ile ya mwanzo nayo ina seli nyekundu zilizovuja na hemosiderini. Tofauti ni mianya myembamba inayopasua kolajeni (nyuzi za ngozi), mishipa mipya inayozunguka ya zamani, na seli za plazma, aina nyingine ya seli za kinga. Nikisita, naagiza kipimo cha HHV-8, virusi vinavyosababisha Kaposi, kwenye kipande kilekile.

Matibabu ni ya wastani. Rutosidi, dawa itokanayo na mimea, miligramu 50 na vitamini C miligramu 500, zote mara mbili kwa siku, huwasaidia baadhi. Krimu ya steroidi ni ya muwasho, kwa wiki chache. Soksi za kubana zinafaa, baada ya kuhakikisha mapigo ya damu mguuni ni mazuri. Rangi ya kahawia hubaki muda mrefu hata uvujaji ukishakoma, na hilo namwambia mgonjwa mapema, la sivyo ataingia kwenye sabuni za kujichubua.

Madoa yakipanda kiunoni na tumboni, au limfosaiti zenye viini vilivyokunjamana zikijipanga ndani ya epidermisi, narudia kuchukua vipande, safari hii zaidi ya kimoja, kwa sababu maikosisi fungoidesi, saratani ya limfosaiti za ngozini, inaweza kuanza hivyohivyo.