Kumbukumbu ya mradi: kasha la diski nne na adapta isiyotosha

Kasha lililo mezani ni la diski nne za inchi 3.5, zenye kasi ya mizunguko 7,200 kwa dakika, linaloungwa na kompyuta kwa USB. Linatunza video za 4K. Mkondo mmoja wa ProRes 422 HQ (muundo wa video wa kuhariria) wa 3840×2160 kwa fremu 25 za sekunde hula takriban megabaiti 92 kwa sekunde, mzigo ambao diski hizi zinaumudu vizuri. Tatizo ni kwamba mhariri akiondoka kwenda kunywa chai, akirudi na kugusa taimulaini, diski moja inapotea. Mara nyingine inapotea ile ile, mara nyingine jirani yake.

Kila aliyeliona kasha hili alisema diski imekufa. Kabla ya kununua nyingine, ulizeni diski zenyewe.

Siku ya 1: kumbukumbu za ndani ya diski

Makasha mengi ya diski nne huficha diski nyuma ya kontrola (saketi inayosimamia diski), hivyo kila moja ilitolewa na kuwekwa kwenye doki ya diski moja. Amri ya kusoma kumbukumbu hizo ni `smartctl -a -d sat /dev/sdb` (badilisha herufi ya mwisho kulingana na kompyuta yako). Mistari ya kuangalia:

5 na 197: sekta mbovu. Zote sifuri. Uso wa diski ni mzima.
199: makosa ya kebo ya data. Sifuri.
12: mara ngapi diski imekatiwa umeme na kuwashwa tena. Diski ya tatu: 1,340.
9: saa za kazi. Diski hiyo hiyo: 2,100.

Kwa maneno mengine, diski imezimika kabisa mara moja kila saa moja na nusu hivi, ilhali kasha huzimwa jioni tu. Usichanganye mstari wa 12 na wa 4. Wa 4 hupanda hata diski ikilala na kuamka kwa utaratibu, lakini wa 12 haupandi mpaka umeme ukatike kweli. Mstari wa 192, unaohesabu vichwa kurudishwa kwa dharura, nao ulikuwa umepanda. Diski si mgonjwa. Ina njaa ya umeme.

Siku ya 2: hesabu

Lebo za diski zinasema 5 V 0.72 A na 12 V 0.55 A. Hapo ndipo wengi wanapokosea, kwa sababu lebo hiyo haielezi sekunde za kwanza. Mota ya diski ya inchi 3.5 inapoanza kuzunguka huvuta karibu ampea 2 kwenye 12 V kwa sekunde kadhaa, kisha hushuka.

Adapta ya kasha ni 12 V 5 A, yaani wati 60. Volti 5 hutengenezwa ndani ya kasha kutoka kwenye hiyo hiyo 12.

Zikiwa kazini: 12 V ni 4 × 0.55 = 2.2 A. Upande wa 5 V ni 4 × 0.72 × 5 = wati 14.4, na ukihesabu upotevu wa kibadilishaji inakuwa kama 1.4 A kutoka 12 V. Ongeza feni na saketi ya USB, karibu nusu ampea. Jumla 4.1 A. Inapita, ingawa kwa shida.

Zikianza zote kwa pamoja: 4 × 2 = 8 A za mota peke yake. Ukiongeza mengine unakaribia 10 A, maradufu ya adapta.

Na ndiyo siri ya chai. Kasha hulaza diski baada ya dakika 10. Mhariri akirudi, zote nne zinaamka kwa mkupuo.

Siku ya 3: mita

Kuanza kwa mota huchukua sekunde, kwa hiyo mita ya kawaida yenye kitufe cha MIN, kinachoshika volti ya chini kabisa, inatosha. Mishtuko ya milisekunde pekee ndiyo inayohitaji osiloskopu, kifaa kinachochora volti zinavyobadilika. Volti zilipimwa sehemu tatu: plagi ya adapta, mahali umeme unapoingia kwenye bodi, na konekta ya SATA (kiungio cha kawaida cha diski) ya diski ya tatu, ambayo iko mbali zaidi na mlango wa umeme.

Bila mzigo: 12.1 V kote. Wakati wa kuamka: 11.2, 10.8, na 10.3 kwenye diski. Diski nyingi za aina hii hukubali 12 V ikipungua kwa asilimia 10, yaani mpaka 10.8. Chini ya hapo diski inajizima, inajiwasha na kuvuta 2 A upya. Adapta ikichoka kabisa, kinga yake inakata na kurudisha, na taa ya kasha inapepesa huku diski zikilia tik-tik.

Sehemu ya hasara ilikuwa kwenye waya. Waya wa adapta ni AWG 20 (kipimo cha unene; namba ikipungua, waya ni mnene zaidi), mita 1.2. Kwenda na kurudi ni ukinzani wa karibu 0.08 Ω, hivyo ampea 5 zinapoteza volti 0.4 kabla hata ya kufika kwenye kasha. Plagi ya duara ya 5.5 × 2.5 mm iliyochomekwa kwenye soketi ya pini ya 2.1 nayo ilikuwa inacheza. Inaingia, inawasha, lakini inagusa kwa nukta tu na kupata joto.

Kuhusu kapasita

Ushauri unaozunguka sana ni kuongeza kapasita kubwa, kijenzi kinachohifadhi chaji kidogo ya umeme, kwenye bodi. Tufanye hesabu. Kapasita ya 2,200 µF ikiombwa 1 A kwa milisekunde moja hushuka volti 0.45. Hapo inasaidia. Ikiombwa 2 A kwa sekunde nzima, hesabu inadai ishuke volti zaidi ya 900, maana yake imekauka ndani ya milisekunde chache tu za mwanzo. Kapasita hulainisha mawimbi madogo. Haiwezi kubeba mota. Moja ya 25 V iliwekwa karibu na konekta, kwa kazi hiyo ya kulainisha peke yake.

Siku ya 5: kubadilisha

Adapta iliondolewa, ikawekwa pawa saplai ya Mean Well LRS-150-12, ambayo hutoa 12.5 A. Ina swichi ndogo ubavuni ya 115/230. Iangalie kabla ya kitu kingine chochote. Ikiwa 115 nawe ukachomeka kwenye umeme wetu wa 230, umeiua. Waya wa ardhi lazima ufungwe, na plagi ya miguu mitatu iwekewe fyuzi ya 5 A badala ya ile 13 A inayokuja nayo.

Waya mpya ni AWG 16, mita 1.2. Kwa ampea 9 unapoteza volti 0.28. Plagi ya duara iliachwa, maana nyingi za aina hiyo zimetengenezwa kwa 5 A. Badala yake ni konekta ya DIN ya pini nne, pini mbili za 12 V na mbili za ardhi. Mpangilio wa pini hizo haufanani kati ya watengenezaji, na zipo zinazobeba 5 V upande mmoja. Pima kwa mita kwanza, ndipo uchomeke. 12 V ikiingia kwenye njia ya 5 V, diski zote zinaondoka kwa pamoja.

Kipimo kipya cha kuamka kwenye diski ya tatu: 11.6 V.

Siku ya 6: pini ya 11

Konekta ya umeme ya SATA ina pini 15. Pini ya 11 ikiungwa ardhini, diski huanza kuzunguka mara tu umeme unapofika. Ikiachwa wazi, husubiri kontrola iiite. Kwenye bodi hii ilikuwa imeungwa ardhini. Njia yake ilikatwa kwa wembe kwenye nafasi zote nne, na kontrola sasa inaziita diski moja baada ya nyingine. Kwenye kuwasha, kilele kilishuka kutoka karibu 9 A hadi takriban 5. Si kila kontrola inaita kwa zamu, kwa hiyo jaribu nafasi moja kwanza. Kwenye kuamka usingizini haikusaidia, kwa hiyo muda wa kulala umezimwa kabisa.

UPS

Umeme mdogo wa jioni hausumbui, lakini kukatika kunasumbua. UPS (kifaa chenye betri kinachoshika umeme wa ukutani ukikatika) nyingi za mezani huchukua milisekunde 4 hadi 10 kuhamia betri, na adapta huvuka pengo hilo kwa akiba yake ya ndani. Akiba hiyo hupungua kadiri mzigo unavyoongezeka. Ndiyo maana kompyuta ilikuwa inabaki hai wakati kasha linaanguka, ingawa vyote vilikuwa kwenye UPS moja.

Hali ya sasa

Siku tisa za kuhariri, plagi imechomolewa ukutani mara 20 makusudi huku nakala ikiendelea kwa nguvu ya UPS. Mstari wa 12 wa diski ya tatu umepanda kwa 9, sawa na mara kasha lilipozimwa jioni. Kilichobaki ni kifuniko cha terminali za 230 V, ambazo kwa sasa ziko nyuma ya kipande cha plastiki kilichofungwa kwa skrubu mbili, na kibadilishaji cha 5 V kwenye bodi, ambacho bado kinapata moto wa kutosha kutaka feni yake.