Bhajani ya Kaku, uwele wa Dodoma

Leo Kaku, mama mwenye nyumba niliyopanga hapa Pune, India, amekaanga nafaka za bhajani, na nimeshinda naye jikoni. Bhajani ni unga wa kupikia thalipithi, mkate wa chumvi wa Wamaharashtra, watu wa jimbo hili la Maharashtra. Ndani yake kuna mtama, uwele, mchele, ngano, dengu, choroko nyeusi, mbegu za giligilani na bizari nyembamba. Kila kimoja hukaangwa peke yake bila mafuta, kwa moto mdogo, kwa kuwa haviivi kwa wakati mmoja. Kaku huchota punje chache za dengu, akazitafuna, akatikisa kichwa, akaendelea kugeuza. Zikikubali huzimwaga kwenye shuka zipoe kabisa, maana zikisagwa za moto unga huvuta unyevu. Mashineni msagaji huambiwa asiulainishe sana.

Baada ya hapo kupika ni kazi ndogo. Unga, kitunguu, pilipili mbichi, majani ya giligilani, manjano, chumvi na maji. Mkate huu hausukumwi, kwa sababu mtama na uwele havivutiki kama ngano. Kaku huutandaza kwa vidole vyenye maji juu ya kitambaa kibichi cha pamba, akaupindua kwenye chuma cha moto, akautoboa tundu katikati na mengine pembeni, akadondoshea mafuta kila tundu na kufunika. Ukingo wa matundu hukauka ukawa wa kahawia, na mimi huanzia kula hapo, na mtindi na siagi nyeupe aliyoisuka mwenyewe.

Mimi ni mtoto wa Dodoma. Nimekulia ugali wa uwele kwa mlenda, na nakumbuka shuleni aliyekula uwele alionekana kwao hawana kitu. Heshima ilikuwa sembe. Jambo hilo linaniuma zaidi nikiwa huku. Mtama na uwele vilianza kulimwa Afrika, mmoja upande wa Sudan, mwingine Saheli, vikafika India miaka ipatayo 4,000 iliyopita. Kule Solapur, kwenye jimbo hilihili, ambako mvua ni haba kama kwetu, wakulima wanaishi kwa mtama. Na binti yake Kaku, mhandisi aliyeko Marekani, kila akija likizo hurudi na mfuko wa bhajani kwenye sanduku. Sehemu kubwa ya unga wa leo ni wake. Hakuna anayeuita chakula cha njaa.

Jioni nimempigia mama simu nikamsomea vipimo. Choroko nyeusi kwetu ni shida kupatikana, lakini Kaku amesema hata choroko za kijani zinafaa. Mama aliuliza swali moja tu: uwele wanaukoboa kwanza? Nikamwambia hapana, unakaangwa na ganda lake. Akasema basi kesho anaanika kisado kimoja.