Igizo Tunaloliacha Katikati

Kwa mtu aliyekulia Dodoma, ugonjwa wa akili ni Mirembe, basi. Watoto hutaniana kwa jina la hospitali hiyo, na watu wazima hutupiana wakigombana. Ndiyo maana ukiitisha mkutano kijijini useme leo tunazungumzia afya ya akili, watakaokuja ni mwenyekiti, mtendaji na wanaosubiri posho. Kikundi chetu cha sanaa hapa Chamwino kiliamua kupeleka igizo badala ya mkutano.

Tunacheza baada ya mavuno, kuanzia Juni, watu wakiwa na nafasi. Kinamama wakishapiga muheme, ngoma ya wanawake wa Kigogo, uwanja unajaa. Hakuna maandishi ya kukariri. Tunakubaliana wahusika na tatizo, maneno yanakuja papo hapo. Mhusika mkuu hatumfanyi mtu anayeokota makopo na kuongea peke yake, maana huyo watu watamcheka na kumweka mbali nao. Ni Baba Neema: amekopa, amelima mahindi, mvua imekatika Februari. Usiku halali, chakula hakipandi, na mtama wa mkewe haendi hata kuutazama. Mama yake anasema karogwa, mkewe anamwita mvivu, rafiki zake wanamvuta kilabuni. Mambo yanapochacha mimi, mwezeshaji, napiga filimbi na kusimamisha mchezo: "Nani angesema jambo jingine? Aje ashike nafasi."

Njia hii ya mtazamaji kuingia mchezoni ilienezwa na Augusto Boal wa Brazili katika miaka ya 1970, na huku kwetu walimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akina Penina Mlama na Amandina Lihamba, walikuwa wakitengeneza maigizo na wanavijiji mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kwa jambo la aibu kama hili sijaona njia inayoizidi. Anayeingia uwanjani hasemi ya kwake. Anasema ya Baba Neema.

Siku moja mama wa makamo aliomba kuwa mke. Waliomtangulia walikuwa wamegomba tu. Yeye alikaa chini kando ya mwigizaji wetu, akajifanya anamenya karanga, akanyamaza kitambo. Kisha, bila kumtazama: "Baba Neema, jana tena hukulala. Nilikuwa macho, nakusikia."

Mwigizaji hakuwa ameandaa jibu. Akasema, "Nikifumba macho naona deni."

Wanaume waliokuwa wameegemea pikipiki zao kule nyuma wakasogea. Kijana mmoja wa bodaboda akapaza sauti: "Na akisema anataka kujiua, si atapelekwa polisi?"

Alikuwa na haki ya kuuliza. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 217, inalihesabu jaribio la kujiua kuwa kosa. Kwa maoni yangu kifungu hicho kinawafunga watu midomo kuliko kinavyowalinda. Muuguzi wa zahanati, ambaye huwa tunamkalisha katikati ya watazamaji kama mtu yeyote, alimjibu kwamba kuwa na mawazo ya kufa si kosa, ni dalili, na kuna tiba. Maswali yaliyofuata yalikula muda wa igizo lote lililobaki, nami sikupiga filimbi tena.

Bila muuguzi hatuchezi. Kumfungua mtu moyo halafu ukapanda gari ukaondoka ni ukatili. Hatumwombi yeyote atoe ushuhuda, na mganga wa jadi hatumkejeli, kwa sababu kwake ndiko familia nyingi huanzia, katika mchezo wetu ndiye anayesema, "Mpelekeni na zahanati." Tukimaliza, aliyecheza Baba Neema ananawa uso na kutaja jina lake mwenyewe mbele ya wenzake. Yule mtu ni mzito kumbeba hadi nyumbani.

Wengi humfuata muuguzi baadaye, mmoja mmoja, kwa kisingizio cha kupima presha. Basi siku hizi anakuja na kipimo cha presha kweli, na viti viwili anaviweka nyuma ya ofisi ya kijiji, ambako wanaosubiri hawasikii kinachosemwa.