Sailensa ya Celica yangu ilivyotulia

Celica yangu ya 1995, injini 3S-FE ya lita 2.0, niliipata kwa bei ya kutupa na haina makuu. Ila injini ikishapata joto, sailensa (mzunguko wa injini gari likiwa limesimama bila kukanyaga mafuta) ilikuwa inapanda na kushuka: mizunguko 800 kwa dakika, 1,500, 800. Kwenye foleni ni aibu tupu! Fundi wa kwanza alibadilisha plagi zote. Hela ikaenda, ugonjwa ukabaki. Nikafungua throto (mlango wa kuingizia hewa kwenye injini) mwenyewe. Ile valvu ya hewa chini yake ilikuwa nyeusi tii kwa masizi. Nikaisafisha kwa dawa ya kabureta, nikaweka gasketi mpya, kisha nikajaza maji ya rejeta na kutoa hewa yote (wengi husahau hapa, na maji hayo hupita kwenye valvu hiyohiyo). Mshale sasa umetulia 750.