Kutoka Makinoni hadi Skye, nikilifuata jina la kwetu

Kwetu ni Mackinnon Road, pale kati ya Taru na Maungu kwa barabara kuu ya Mombasa kwenda Nairobi. Ukipita na basi usiku unaeza kutopaona kabisa, ila kama dereva amesimama pale kwa msikiti wenye kaburi la Sayyid Baghali Shah, yule mzee wa enzi za kujenga reli ambae hadithi inasema karai lilikuwa linaelea juu ya kichwa chake bila kumgusa. Sisi tunapaita Makinoni tu. Jua kali, vumbi jekundu, matrela, maji ya mitungi. Na miaka yote hiyo sikuwahi kujiuliza Makinoni ni nini, we ulishawahi kujiuliza Voi ni nini?

Sasa niko Glasgow, nafanya kazi nyumba ya wazee. Siku moja nimepangiwa korido ingine, naingia chumba cha bibi mmoja nimpelekee chai, naangalia kadi mlangoni imeandikwa MacKinnon. Nikamwambia bibi, hili jina lako ndo kijiji chetu. Akadhani namtania hadi nikamwonyesha kwa ramani ya simu. Akaangaliaaa, alaf akasema basi lazima uende Skye, kisiwa cha huku huku Scotland, sisi wote tumetoka huko.

Nikachukua ofu ya siku tatu nikaenda.

Basi linatoka stendi ya Buchanan, na hapo tu kuna kisa, maana Buchanan nalo ni jina la watu la Kigaeli, lugha ya zamani ya Scotland, lakini lilianza kama jina la mahali karibu na ziwa Loch Lomond, maana yake ni nyumba ya kasisi, watu wa pale wakajiita hivo, ukoo ukakua, mfanyabiashara mmoja wa tumbaku akaacha jina lake kwa barabara kubwa ya Glasgow, mwingine akawa rais wa Marekani. Yaani ardhi ikawapa watu jina. La kwetu lilienda kinyume, mtu ndo aliipa ardhi.

Safari ni kama masaa sita, Loch Lomond, Glencoe, Fort William, milima imevaa mawingu kama kanzu. Skye ni kisiwa lakini tangu 1995 kuna daraja, ukishavuka tu kijiji cha kwanza ni Kyleakin, na hapo juu ya mwamba kuna gofu la ngome, kuta mbili tatu zimesimama kama meno ya mzee. Caisteal Maol, ilikuwa ya hao hao akina Mackinnon. Wenyeji wana hadithi kwamba zamani binti wa kifalme kutoka Norway alifunga mnyororo kukata mkondo wa bahari hapo, meli haipiti mpaka ilipe. Weka hiyo ya meli akilini.

Nililala Broadford kwa mama mmoja anaekodisha vyumba, na yeye Kigaeli ndo lugha aliyozaliwa nayo. Nikamwomba anifundishe jina la kwetu vizuri. Akaniandikia nyuma ya risiti: Mac Fhionghuin. Nikasoma na F yangu yote ya Kiduruma, mama akacheka mpaka akaweka kikombe chini. Kumbe baada ya Mac hiyo F ikiwekewa H inakufa, haitamkwi, inabaki kama "mak-inun" hivi. Mac ni mwana, ni kama bin yetu tu. Na mwanamke hawezi kuwa Mac, ni Nic, yaani binti! Huko kwa Kiingereza mabinti wote wameandikwa Mac, wamefanywa wana wa kiume kwa karatasi na hakuna aliewauliza. Na Fionghuin mwenyewe ni jina la mtu, maana yake aliezaliwa mweupe, au mzuri. Kwa hivo kijiji changu pale nyikani kinaitwa Barabara ya Mwana wa Aliezaliwa Mweupe. Nilicheka peke yangu usiku.

Kuna wengine walilisikia hilo jina kama Mac Ionmhuinn, mwana wa mpendwa, wakalitafsiri kwa Kiingereza wakawa akina Love. Love kabisa! Na ukoo wenyewe unadai umetoka kwa mfalme Kenneth MacAlpin wa karne ya 9. Mimi sibishi, kwetu Pwani nako kila mtu babu yake alishuka jahazini kutoka Shirazi.

Kesho yake nikatembea kama kilomita 4 hadi Cill Chriosd, kanisa bovu lisilo na paa kati ya uwanja wa makaburi. Cill ni kanisa (nikawaza Kilifi na Kilindini, hapana, haihusiani). Mvua ilikuwa inanipiga kwa ubavu, viatu vimejaa maji. Nikainama kufuta ukungu wa kijani kwa jiwe moja na mkono wa jaketi: MACKINNON. La pili hivo hivo. La tatu M'KINNON. Nilisimama pale nikasikia kitu kifuani, kama nimesoma kibao cha stejini kwetu.

Hilo bonde lote la Strath lilikuwa lao. Mwisho wa karne ya 18 walikuwa wameshapoteza ardhi yote, na mbele kidogo, vijiji vya Boreraig na Suisnish, mwaka 1853 watu walifukuzwa majumbani na wenye ardhi ili kondoo wapate malisho. Wengi wa Skye walipandishwa meli, Canada, Australia. Ndo maana ukienda Cape Breton, Canada, leo akina MacKinnon ni wengi.

Huyu wa kwetu hakufukuzwa. William Mackinnon alizaliwa 1823 Campbeltown, kusini zaidi, akaenda India kufanya biashara, akawa tajiri wa meli, na mwaka 1872 meli zake zikaanza kubeba barua kati ya Aden na Zanzibar. 1888 kampuni yake ikapewa hati ya malkia wa Uingereza kutawala huku kwetu. Ndo wakaanza kupasua barabara ya mikokoteni ya ng'ombe kutoka Mombasa kwenda Busia, kilomita 960 hivi. Yeye akafa 1893, kampuni ikashindwa, serikali ikachukua 1895, reli ikaja, stesheni ikabaki na jina la barabara yake. Hati hiyo babu zetu hawakuiona. Watu wa Strath na sisi wa Taru, wote kuna mtu aliamua mambo yetu akiwa mbali, tofauti ni kwamba wao waliondoka na jina, sisi tukaletewa.

Nikiwa bado kwa lile jiwe nikamtumia mjomba sauti kwa WhatsApp, anauza mafuta ya taa na sigara pale stejini, nikamweleza yote, mwana wa mweupe, F iliyokufa, makaburi, dakika nne nzima.

Jibu likaja nikiwa njiani narudi. "Mpwa wangu, nimekusikia. Sasa hiyo sauti nyuma yako ni mvua?"