Dakika tatu, mikono juu

Ganzi ilianzia kidole cha mwisho na cha pete, mkono wa kulia. Nikifika nusu ya kichwa cha mteja, inashuka kutoka kwapani mpaka siuhisi uzi wala nywele. "Dada, mbona umesimama?" Natafuta kitana, nadanganya.

Hospitali ya kwanza walisema tatizo liko kwenye kifundo cha mkono, wakanipa kibao cha kufunga usiku. Nililala nacho miezi mitatu. Daktari wa pili alikitazama akaguna: neva ya pale, yaani mshipa wa fahamu, ikibanwa, wanaolia ni gumba na majirani zake, si hivi viwili vya mwisho.

Akaniambia ninyanyue mikono kama niliyekamatwa na polisi, viwiko vimekunjwa, nifumbe na kufumbua viganja kwa dakika tatu. Nikacheka. Mimi ninayesuka rasta saa sita nimesimama? Saa ya ukutani haikumaliza hata dakika moja. Mkono ulikuwa mzito kama wa mtu mwingine, ukaanguka mapajani wenyewe.

Alinichorea kwenye karatasi. Neva za mkono zinatoka shingoni, zinapenya katikati ya misuli miwili, kisha zinapita chini ya mtulinga na juu ya ubavu wa kwanza. Kichochoro chenyewe chembamba, na mikono ikikaa juu kutwa kinazidi kubana. Wengine huzaliwa na kaubavu ka ziada shingoni. Picha ilionyesha mimi sina.

Basi, alisema, tuanze na mazoezi kwa miezi kadhaa. Yakishindikana, upasuaji: wanapitia kwapani, wanaukata ule ubavu wa kwanza. Hakunificha kwamba pafu liko jirani na linaweza kutobolewa, na kwamba neva yenyewe inaweza kujeruhiwa.

Nilitaka upasuaji. Nikilala siku chache, niamke nisuke; hivyo ndivyo nilivyopiga hesabu. Mama alinisikiliza huku akichambua mchele, hakuinua macho.

"Ubavu ulishatolewa mara moja, akatoka Hawa. Wewe wakikutoa atoke nani?"

Nilicheka mpaka bega likauma. Lakini kilichonibadilisha ni swali nililomrudia nalo daktari: wakishaukata, nisuke vilevile? Akaniuliza nasukaje. Nikamwonyesha, mteja kwenye kiti kirefu, viwiko vyangu usawa wa masikio. Akanitazama tu, na mimi nikajisikia mjinga.

Bibi yangu alisuka mtaa mzima akiwa kwenye kigoda, msukwaji mkekani katikati ya magoti yake. Sikumbuki viwiko vyake vikipita mabega.

Jumatatu nilianza mazoezi, kidevu ndani, mabega nyuma, mbele ya kioo cha saluni kabla wateja hawajaja. Karatasi yenye mchoro niliiweka kwenye droo ya mafuta, maana suala la kisu halijafungwa. Kisha nikatandika mkeka.

Mteja wa kwanza, mama mwenye heshima zake, alisimama mlangoni na mkoba.

"Mtu mzima mimi nikae chini?"

"Msuko wa twende kilioni unautaka, mama, au huutaki?"

Akavua viatu.