NCLEX-RN: jibu kwa wodi iliyo kwenye swali

Wauguzi wengi wa Kenya na Tanzania wanaotaka kufanya kazi Marekani hununua kwanza vitabu vya NCLEX-RN, mtihani wa leseni ya muuguzi aliyesajiliwa (RN), makaratasi baadaye. Ningewaomba wageuze mpango huo. Kusoma unakupanga mwenyewe, lakini makaratasi yanapita mikononi mwa watu ambao huwezi kuwaharakisha.

Leseni ya uuguzi kule hutolewa na bodi ya kila jimbo, na kila bodi ina masharti yake. Majimbo mengine hudai namba ya Social Security, yaani ya hifadhi ya jamii ya Marekani, mengine hayadai, kwa hiyo soma masharti kabla ya kulipa chochote. Mtihani ni uleule kwa majimbo yote: unatungwa na NCSBN, baraza linalounganisha bodi hizo, na kufanyiwa kwenye vituo vya kampuni ya mitihani ya Pearson VUE. Bodi nyingi hutaka elimu yako ikaguliwe na shirika lililojulikana kama CGFNS, ambalo tangu 2025 linaitwa TruMerit. Transkripti, yaani rekodi ya masomo yako, haitoki mkononi mwako. Chuo ndicho kinachoituma, na Baraza la Uuguzi la nchi yako ndilo linalothibitisha leseni yako. Hapa ndipo faili nyingi hulala. Chuo kikiandika saa za nadharia na za wodini zikiwa zimejumlishwa, mkaguzi hawezi kuona kila eneo limechukua saa ngapi, naye anataka magonjwa ya watu wazima, upasuaji, watoto, uzazi na afya ya akili yaonekane kila moja peke yake. Nenda kwa msajili wa chuo, mweleze hivyo, na uombe kuona nakala kabla haijafungwa kwenye bahasha.

Halafu kuna jina. Cheti cha chuo kina majina matatu, pasipoti ina mawili, leseni imeandikwa Mohammed na pasipoti Mohamed. Yasawazishe mapema, ikibidi kwa hati ya kiapo. Ukishajisajili kwa mtihani (dola 200, na dola 150 juu yake ukichagua kituo cha nje ya Marekani) na bodi ikakukubali, unatumiwa kwa barua pepe idhini ya kufanya mtihani, ile inayoitwa ATT. Jina lililo kwenye ATT lisipolingana na la kitambulisho unachoonyesha mlangoni, hutaingia, na ada hairudi. Ukifanyia mtihani nje ya nchi yako, kitambulisho ni pasipoti tu. ATT kwa kawaida ina siku 90 na haiongezwi hata siku moja, kwa hiyo weka nafasi ya kituo mara inapoingia. Anayengoja mpaka ajisikie tayari hukuta tarehe zote zimejaa.

Sasa mtihani wenyewe. Kompyuta hukupa maswali kati ya 85 na 150 ndani ya saa tano. Kumi na tano kati ya hayo ni ya majaribio, hayahesabiwi, na huwezi kuyatambua. Ukijibu vizuri, linalofuata linakuwa gumu zaidi. Ukikosea, linashuka kidogo. Mashine inatafuta kiwango ambacho unapata na kukosa karibu nusu kwa nusu, ndiyo maana hata anayefaulu hutoka akiamini amefeli. Inasimama inapokuwa na uhakika wa asilimia 95 kwamba uko juu ya mstari wa kufaulu au chini yake. Kukatika swali la 85 kunaweza kuwa kufaulu au kufeli, na kufika 150 vilevile. Huwezi kuruka swali wala kurudi nyuma. Usihesabu maswali, jibu lililo mbele yako.

Kinachowaangusha wauguzi wetu, kwa maoni yangu, si uchache wa maarifa. Mtu aliyefanya kazi miaka sita kwenye hospitali ya wilaya ameona mengi kuliko mwanafunzi anayemaliza chuo kule. Tatizo ni kwamba anajibu kwa wodi yake. Kwake zamu ya usiku ina muuguzi mmoja na wagonjwa thelathini, ndugu ndiye anayelisha, na dawa isipokuwepo unatafuta mbadala. Wodi ya NCLEX ina kila kifaa, kila dawa na wafanyakazi wa kutosha. Ukiona jibu unalolipenda kwa sababu linaokoa muda au vifaa, litilie shaka.

Kugawa kazi ndiko kunakouma zaidi, kwa sababu ngazi za kule hazifanani na zetu. RN habagui kazi kwa uzito, bali kwa hukumu inayohitajika. Tathmini ya kwanza, kumfundisha mgonjwa na kupima kama matibabu yamefaulu havitoki mikononi mwake. LPN, muuguzi mwenye leseni wa ngazi iliyo chini ya RN, hupewa mgonjwa aliyetulia: dawa za kumeza, kubadilisha bandeji ya kidonda. Msaidizi asiye na leseni huogesha, hupima presha ya mgonjwa aliyetulia, hulisha. Lakini mgonjwa aliyepata kiharusi jana na hajapimwa kumeza, kumlisha si kazi ya msaidizi, maana uji unaweza kuingia kwenye mapafu. Maswali ya usimamizi wa huduma, ambamo kugawa kazi kumo, ni asilimia 15 hadi 21 kwenye mpango wa mtihani wa 2023. Hakuna eneo kubwa kuliko hilo.

Majina ya dawa nayo yana mtego. Mtihani hutumia majina ya dawa yenyewe, si ya kibiashara, na kwa namna ya Marekani. Paracetamol inakuwa acetaminophen, salbutamol inakuwa albuterol, adrenaline inakuwa epinephrine, pethidine inakuwa meperidine. Tengeneza daftari la jozi hizi tangu wiki ya kwanza. Sukari jizoeze kuisoma kwa mg/dL: zidisha mmol/L kwa 18, hivyo 5.5 ni 99. Na dripu: mkono uliozoea seti ya matone 20 kwa mililita huandika 20 bila kusoma swali. Lita moja kwa saa nane kwa seti ya matone 15 ni 1000 × 15 ÷ 480, yaani matone 31 kwa dakika. Ukitumia 20 unapata 42, na hesabu yako nzuri yote imepotea.

Maswali ya nani aonwe kwanza yanataka utofautishe kinachotarajiwa na kisichotarajiwa. Chukua wagonjwa wanne: mwenye COPD (ugonjwa sugu wa mapafu) ana oksijeni asilimia 90, aliyefanyiwa upasuaji wa nyonga jana analalamika maumivu saba kwa kumi, mwenye kisukari ana sukari 210, aliyeondolewa tezi ya shingo jana anasema midomo inamchonyota. Wa nyonga ndiye anayepiga kelele, na wengi humwendea. Lakini maumivu siku ya kwanza yanatarajiwa, oksijeni 90 kwa mwenye COPD inakubalika, na sukari 210 haiui leo jioni. Midomo kuchonyota ni kalsiamu inayoshuka, labda kwa sababu tezi ndogo zilizo nyuma ya ile iliyotolewa zimeguswa, na kalsiamu ikiendelea kushuka koo linaweza kukaza na kufunga njia ya hewa. Huyo ndiye wa kwanza.

Tangu Aprili 2023 kuna maswali ya mfumo mpya. Hata anayekatika swali la 85 atakuwa amepata visa vitatu vya wagonjwa, kila kimoja na maswali sita yanayomfuata mgonjwa mmoja: kuona dalili, kuziunganisha, kupanga kipi cha hatari zaidi, kufikiria hatua, kuzichukua, kupima matokeo. Kuna pia bow-tie, lenye umbo la tai ya kipepeo: tatizo moja katikati, hatua mbili kushoto, vitu viwili vya kufuatilia kulia. Mfano, mgonjwa wa moyo anayetumia digoxin na furosemide (dawa ya kukojoza) ana kichefuchefu, anaona duara za manjano kwenye taa, mapigo 50, potasiamu 2.9. Anayekimbilia dawa ya kichefuchefu amekosa. Furosemide imetoa potasiamu, na potasiamu ikipungua digoxin inamshika moyo kwa nguvu zaidi. Katikati ni sumu ya digoxin. Zuia dozi inayofuata na omba agizo la kurudisha potasiamu. Fuatilia mdundo wa moyo na kiwango cha potasiamu.

Kwenye maswali ya kuchagua yote yanayofaa, kila jibu sahihi ni alama moja na kila kosa linakata moja, ila hushuki chini ya sifuri. Penye majibu matatu sahihi kati ya matano, ukiweka alama kwenye yote matano unabaki na moja. Ukichagua mawili uliyo na uhakika nayo unapata mbili. Usibahatishe kwa kujaza.

Kwa mazoezi, maswali 50 kwa siku yaliyochambuliwa yanatosha. Kuchambua ni kusoma sababu ya kila chaguo, hata pale ulipopata, kwa sababu kupata kwa bahati hakujirudii.

Siku yenyewe fika nusu saa kabla. Utapigwa picha, utaweka sahihi na kiganja kitasomwa na mashine. Saa ya mkononi na simu haviingii. Kikokotoo kiko kwenye skrini, na utapewa ubao wa kuandikia na kalamu yake. Mapumziko ya kwanza yanatolewa baada ya saa mbili, ya pili baada ya saa tatu na nusu. Yanakula muda wako, lakini yachukue. Kichwa kilichochoka hakioni neno "isipokuwa".

Matokeo rasmi hutoka kwa bodi. Bodi nyingi za Marekani huruhusu kuyaona yasiyo rasmi baada ya siku mbili za kazi kwa ada ndogo. Aliyefeli hupewa ripoti inayoonyesha, eneo kwa eneo, kama alikuwa juu, karibu au chini ya kiwango. Anza na maeneo ya "karibu", ndiko alama zinakopatikana upesi. Lazima zipite siku 45 kabla ya kurudia, na usajili na ada vinaanza upya, kwa hiyo tuma maombi mapya wiki ileile ili ATT ikukute unasoma.